Je, matangazo "hufadhili" tovuti?

SWALI: Mimi ni mhariri wa tovuti ndogo ya habari za mkoa wetu wa Morogoro. Fundi aliyetutengenezea tovuti ameandika ilani hii ya kuwekwa chini ya ukurasa wa kwanza: "Tovuti hii inafadhiliwa na matangazo. Tunatumia vidakuzi vya mtu wa tatu na tunalinda siri zako. Kubali vidakuzi zote." Mwenzangu ameikataa yote na anasema hata neno "vidakuzi" (yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha katika kifaa cha msomaji ili imkumbuke) ni la kubuni, afadhali tuandike "kuki". Je, nimsikilize?

JIBU: Msikilize katika mengi, ila si katika hilo la kuki. Na neno lililonisumbua mimi zaidi ni "inafadhiliwa".

Kufadhili ni kumtendea mtu fadhila, yaani wema usiodaiwa malipo. Anayemlipia karo mtoto wa jirani ni mfadhili, shirika linalochimba kisima kijijini ni mfadhili, na anayesahau wema aliotendewa huambiwa hana fadhila. Mwenye duka la pembejeo anayeweka tangazo katika tovuti yenu hawatendei wema wa aina hiyo. Yeye ananunua, na bei yake inajulikana: mara nyingi hulipa kiasi fulani kwa kila mara elfu moja tangazo lake linapoonekana, au hulipa kila linapobonyezwa. Anachonunua ni macho ya msomaji wenu. Kumwita mfadhili ni kumpa sifa asiyostahili na, vibaya zaidi, ni kumficha msomaji kwamba naye yumo katika biashara hiyo.

Wapo wanaokimbilia "inadhaminiwa", lakini neno hilo nalo lina mahali pake. Mdhamini mahakamani hubeba dhima ya mshtakiwa, na mdhamini wa timu ya mpira au wa kipindi cha redio hutajwa kwa jina na hubeba gharama kwa ujumla wake. Kampuni moja ikiwalipia mfululizo mzima wa makala na jina lake likaandikwa juu, hapo udhamini umetimia, na ni wajibu wenu kuutaja. Matangazo ya kawaida yanayobadilika kila ukurasa unapofunguliwa si udhamini.

Kuna kosa jingine lililojificha katika kiunganishi. "Na" baada ya kitenzi cha kutendwa humtaja mtendaji, ilhali "kwa" hutaja njia au chombo: nyama imekatwa na mpishi kwa kisu. Matangazo hayalipi kitu. Anayelipa ni mwenye matangazo. Kwa hiyo ningeandika: "Tovuti hii huendeshwa kwa mapato ya matangazo." (Msimwite huyo mlipaji "mtangazaji", maana jina hilo lilishachukuliwa zamani na watu wa redio, "mtoa tangazo" linatosha.)

Sasa vidakuzi. Kwamba neno limebuniwa ni kweli, lakini halikubuniwa ovyo. Tuna kitenzi kudakua, maana yake kutoa nje mambo ya siri, na kutokana na mzizi huohuo tuna mdaku, udaku na yale magazeti ya udaku ambayo kila mtu anadai hayasomi. Kama kuchambua kunavyotoa mchambuzi na kupekua kukatoa mpekuzi, ndivyo kudakua kunavyotoa mdakuzi. Ukiweka ki- ya vitu vidogo na vyombo unapata kidakuzi. Sarufi yake haina dosari, na ni kanuni hiyohiyo ya ki- iliyotupatia "kivinjari", yaani programu ya kufungulia tovuti, kutoka kuvinjari, ambako zamani kulikuwa kuzungukazunguka kwa doria kama chombo baharini.

Kuki, kwa upande wake, haimwambii msomaji chochote. Ni jina la biskuti ya Kimarekani. Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alipounda kitu hiki mwaka 1994, ili tovuti iweze kumkumbuka mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, alichukua jina lililokuwa tayari katika mazungumzo ya waandishi wa programu. Utani wao hauvuki bahari. Nakiri kwamba "kidakuzi" kinakionea kidogo kile kidakuzi cha kawaida ambacho kazi yake ni kukumbuka tu lugha uliyochagua. Hicho hakimdakui mtu. Lakini kwa vile vya matangazo jina limelenga shabaha, na kati ya jina lisilosema kitu na jina linaloonya kupita kiasi, mimi nachagua linaloonya.

Hapo ndipo tunapofika kwenye "mtu wa tatu". Katika sarufi, nafsi ya tatu ni yule anayesemwa, asiyekuwemo katika mazungumzo. Katika tovuti mambo ni kinyume: huyo wa tatu yumo na anasikiliza. Msomaji anapofungua ukurasa wenu, picha ya tangazo haitoki kwenu bali huletwa na seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi na kutuma kurasa, ya kampuni ya matangazo, na seva hiyo hupata nafasi ya kuacha kidakuzi chake. Msomaji huyohuyo akienda tovuti nyingine yenye matangazo ya kampuni hiyohiyo, anatambuliwa. Siri ya mtungi, kumbe, anaijua kata. Kivinjari cha Safari kilianza kuvizuia vidakuzi hivyo vyote mwaka 2020. Google nayo ilitangaza mwaka huohuo kwamba itaviondoa katika kivinjari chake cha Chrome, kisha mwaka 2024 ikaghairi. Kwa kuwa huyo wa tatu si mtu bali kampuni, na mara nyingi si moja, "vidakuzi vya kampuni nyingine" litaeleweka upesi zaidi.

"Tunalinda siri zako" ni ahadi nisiyoweza kuitetea kwa lugha wala kwa mantiki. Siri ni jambo lililofichwa, na msomaji hakuwaambia siri yoyote. Mtu anayesoma kwenu habari za dawa za kisukari, kisha siku tatu mfululizo akaandamwa na matangazo ya dawa hizo kila anakokwenda, huenda ugonjwa wake unajulikana na mtaa mzima. Siri haikuvuja, ila faragha yake imeingiliwa. Faragha ni hali ya kuwa pembeni, mbali na macho ya wasiohusika, ndiyo maana tunasema "nimemwita faragha" hata kama maneno yenyewe si siri kubwa. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, inataja haki ya faragha, na sheria ya mwaka 2022 inaitwa ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Andikeni "faragha" mnapotaja haki na "taarifa binafsi" mnapotaja vitu vinavyokusanywa, na msiseme mnazilinda katika sentensi ileile mnayoeleza kwamba mmewapa wengine mlango.

Imebaki amri ya mwisho. "Vidakuzi zote" ni kosa la upatanisho: ni vidakuzi vyote, kama vitabu vyote. Nadhani fundi wenu aliandika kwanza "kuki zote", akabadilisha nomino na kusahau kivumishi. Ila hata "Kubali vidakuzi vyote" singeiacha, kwa sababu anayeomba ridhaa haamrishi. Maneno ya kitufe ni ya msomaji mwenyewe, basi yaandikwe kwa nafsi yake: "Ninakubali vidakuzi vyote", na pembeni yake, kwa herufi za ukubwa uleule, "Ninakataa".