Kabla ya Kuiongezea Porsche 911 Rejeta ya Oili, Gusa Paipu ya Mbele

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi unapanda zaidi ya mita 1,600, na sehemu kubwa ya njia uko nyuma ya malori. Mimi yalinikuta karibu na Voi, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Gari yangu ni Porsche 911 SC ya 1979, na mshale wa joto la oili ulikuwa umeshapita nyuzi 120 za Selsiasi. Niliegesha chini ya mbuyu, nikafungua boneti ya nyuma, nikakaa kando nikisikiliza vyuma vikilia ti-ti-ti huku vikipoa. Iliniuma sana. Gari ya aina hiyohiyo, akiiendesha Vic Preston Jr, ilimaliza ya pili katika Safari Rally ya 1978. Sikukubali kwamba jua letu linaishinda.

Gereji niliyoipelekea haikupima chochote. Walifunga rejeta ndogo ya kupoza oili huko nyuma, jirani na injini, bila thamostati, yaani valvu inayoifungulia oili njia ya kwenda kupozwa ikishapata moto. Kule nyuma hewa yenyewe tayari ni ya moto, kwa hiyo safari za pwani hazikupata nafuu. Halafu ikaja Julai, baridi ya Nairobi ile mnayoijua. Kwa safari fupi za asubuhi oili haikufika hata 80, na nilipofungua kifuniko cha kujazia nikakuta povu jeupe kama maziwa yaliyoganda. Ni unyevu huo: oili isipopata joto la kutosha, maji hayatoki, na injini inalika polepole.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee wa Mombasa. Aliitoa ile rejeta, akaniambia nizunguke na gari nusu saa, kisha akachuchumaa upande wa kulia. "Mwanangu, hebu gusa hapa. Gusa tu, usishike." Paipu inayopita chini ya mlango kwenda mbele ilikuwa baridi kabisa, ilhali oili ilikuwa imepita 100. Thamostati ilikuwa imeganda, haifunguki! Kwa miaka yote ile oili yangu haikuwa ikifika mbele.

Injini hii haina maji. Oili ndiyo inayobeba kazi hiyo pamoja na feni. Oili ikinyonywa kutoka chini ya injini kurudi kwenye tanki la oili, hupita kwenye thamostati iliyo mbele ya gurudumu la nyuma la kulia. Ikifika karibu nyuzi 85 thamostati inafungua, na oili inazunguka hadi ndani ya mudigadi wa mbele kulia kabla ya kurudi. Kwa hiyo kwanza gusa paipu. Kisha safisha ile rejeta iliyofungwa kwenye injini yenyewe, maana vumbi na oili inayovuja huiziba. Angalia mkanda wa feni, taiming (wakati wa cheche za plagi), na mpira unaozunguka injini: ukiwa umeraruka, hewa moto ya chini inapanda na kunyonywa tena.

Kuifungua thamostati ndiko kunakogharimu watu. Nati ni ya chuma, nyuzi za thamostati (mikato ambamo nati hujisokota) ni aluminiamu, na baada ya miaka arobaini zimeshikana kama ndugu. Ukitia spana na bomba refu na kuvuta kwa hasira, nyuzi zinakuja na nati. Mzee alitumia siku mbili: dawa ya kutu, moto kidogo, dawa tena. Nati ya mwisho ilipokataa, akaikata kwa msumeno kwa urefu, taratibu, akaacha unywele mmoja wa chuma, kisha akaipasua kwa patasi. Tulipoteza paipu, lakini thamostati ilipona. Thamostati nyingine kwa bei za kuagiza, ningelia.

Baada ya hapo joto lilishuka, lakini nyuma ya malori bado lilinusa 120. Hapo ndipo nilipoongeza. SC yangu ilikuja na bomba lililokunjwa tu mle mudigadini. Tuliweka mahali pake rejeta yenye mapezi (vibati vyembamba vya kutawanya joto), ya aina iliyotumika kwenye Carrera ya 3.2, yaani 911 iliyoifuata SC, pamoja na feni ya umeme. Feni usiiache, kwa sababu mwendo wa kilomita 20 kwa saa hauleti upepo. Hewa nayo ipewe njia ya kuingia na ya kutokea: tulihamisha honi, tukafungua upenyo kwenye bampa, tukaacha nafasi upande wa gurudumu. Wavu wa kuzuia mawe ni lazima kwa barabara zetu. Paipu za shaba nilizibakiza; nazo zinapoza, mpira haupozi.

Ukipewa rejeta kuukuu iliyotoka kwenye injini iliyovunjika, mimi singeichukua. Vipande vya chuma hujificha kwenye vijia vyake, hutavimaliza kwa kuosha.

Februari hii nilipita Voi saa ileile. Mshale ulikaa karibu na 105, feni ikivuma, lori la saruji mbele yangu.

Ukishafunga, kumbuka mfumo sasa unameza oili zaidi. Pima oili kwa kijiti injini ikiwa moto, inaunguruma taratibu, gari mahali tambarare, na ongeza kidogo kidogo. Ukiipima oili injini ikiwa imezimwa, kijiti kitakudanganya, utajaza kupita kiasi, na oili itaishia kwenye kisanduku cha hewa.