Usipake Piko: Kuanza Kuigiza Ukiwa Umeshastaafu

Nilipoanza kuigiza baada ya kustaafu ualimu hapa Mtwara, mtaani nilipewa jina langu: mtu mzima hovyo. Siku hizi baadhi ya hao hao huniita pembeni na kuniuliza wao wataanzaje. Haya ndiyo ninayowajibu.

Mvi usizifiche. Vijana wanaotaka kuigiza wamejaa, lakini kila tamthilia inamtaka mama mkwe, mjumbe wa mtaa na babu anayegawa urithi, na watu wa rika hilo ni wachache kwenye usaili. Kwa hiyo usipake piko. Ukienda kugombea nafasi na mabinti utarudi mikono mitupu, na sura yako halisi watakuwa hawajaiona.

Usikimbilie kuhamia Dar. Huku kwetu maigizo tumekua nayo. Anayevaa kinyago cha midimu, ngoma ya Wamakonde, hasemi kitu, lakini kwa mwendo na mabega tu uwanja mzima unajua huyu ni mzee au mwanamke mjamzito. Kamtazame upya, safari hii kama mwanafunzi. Kisha tafuta kikundi cha sanaa kinachoigiza kwenye kampeni za afya vijijini. Posho ni ndogo, ila utazoea macho ya watu. Mwenye nafasi ya kusoma aulizie TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kule Bagamoyo.

Kamera nayo ina adabu zake. Sisi walimu tuna sauti ya kufika dawati la nyuma, na hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa, maana kipaza sauti kimebanwa kifuani ndani ya gauni. Halafu sini, yaani vipande vya igizo, hazichukuliwi kwa mpangilio wa hadithi. Asubuhi unaweza kuzikwa, jioni ukaugua. Ili vipande vikiungwa vilingane, andika kwenye daftari ulivaa khanga gani, ulijifunga upande upi, ulishika kikombe kwa mkono gani. Vijana huwategemea wengine wawakumbushe, mimi naamini daftari langu.

Kukariri ndiko kunakotisha wengi wa umri wetu. Mimi husoma kwa sauti huku nikibangua korosho, mikono ikiwa na kazi yake. Na sikariri maneno yangu peke yake, nakariri pia neno la mwisho la mwenzangu, kwa sababu hilo ndilo linaloniita.

Sasa pesa. Prodyuza akisikia umestaafu, hukawii kuambiwa uchangie filamu ili upewe nafasi kubwa. Funga mkoba. Mafao ni ya nyumba, shamba na matibabu. Mwigizaji hulipwa, halipi. Taka mkataba wa maandishi hata kwa kazi ya siku moja: malipo kiasi gani na lini, nauli ya kwenda na kurudi, utalala wapi, na nani analipia malazi kazi ikiahirishwa. Kutoka Mtwara hadi Dar ni safari ya kutwa, na barabara yenyewe ina visa vyake. Mei 2024, kilipopita Kimbunga Hidaya, ilikatika kule Somanga na watu wakakwama.

Dawa za presha beba za kuzidi siku ulizoambiwa, na chakula chako kidogo. Sini ya usiku hungoja taa ziwe sawa, na kwenye heka heka hiyo hakuna atakayekuuliza kama umekula.