Nimuulize mgonjwa kama ana chakula?

SWALI: Habari dada. Mimi ni nesi kwenye kliniki ya kisukari. Tumeletewa fomu mpya, kila mgonjwa tumuulize kama ana chakula nyumbani, anaishi wapi, nauli anapata vipi na kama kuna mtu anampiga. Wenzangu wanasema sisi sio ustawi wa jamii, na mimi kwa kweli naona vibaya kumchimba mtu shida ambayo sina cha kumsaidia. Halafu kuna wale wanaokosa tarehe kila mara, tumeshawaita wakaidi. Hii ni kazi yetu kweli?
Nesi wa kisukari

JIBU: Dada nesi, ni kazi yenu, tena kwenye kisukari ndo kabisa. Mtu akichoma insulini halafu hana cha kula, sukari inashuka mpaka anaanguka, sasa hapo chakula kinaachaje kuwahusu? California waliangalia watu waliolazwa kwa sababu sukari imeshuka, utafiti ukachapishwa 2014, wakakuta kwa watu wa kipato cha chini wiki ya mwisho ya mwezi kulazwa kunapanda kwa asilimia 27 kuliko wiki ya kwanza, yaani pale hela na msaada wa chakula vimeshakata. Kwa wenye uwezo hawakuona kitu kama hicho.

Na hao wakaidi wenu, hebu waangalie tena. Kibarua anayelipwa kwa siku akishinda kwenye foleni yenu siku hiyo halipwi, na yule anayelala leo kwa ndugu kesho kwa rafiki insulini ataihifadhi wapi isiharibike? Mnawapa huduma ileile mnayompa mwenye gari na friji halafu mnashangaa hawapati nafuu kama yeye.

Na sio jambo jipya hili. Miaka ya 1960 daktari Jack Geiger na wenzake walifungua kituo cha afya Mound Bayou, Mississippi, huko Marekani, kwa watu weusi maskini waliokuwa wamebaguliwa kwa kila kitu, wakakuta watoto wana utapiamlo, basi wakawa wanaandika chakula kwenye cheti kama dawa na bili inalipwa na bajeti ya famasi! Baadaye wakachimba visima na vyoo, wakasaidia wananchi kuanzisha shamba la ushirika. Mimi nawaheshimu sana hao watu.

Ila hofu yako ya kuuliza bila kuwa na cha kutoa ina msingi, usiidharau. Marekani kuanzia 2017 hadi 2022 serikali ilijaribu mpango mkubwa wa kuuliza mambo kama hayo yenu, wenye shida wakapewa mtu wa kuwaongoza kwenye huduma, na wengi walikubali, lakini tathmini ikaonyesha kuongozwa peke yake hakukuongeza sana waliomaliza shida zao, maana mara nyingi huko walikoelekezwa nako huduma hazitoshi. Kwa hiyo kabla ya fomu tafuteni kwanza nani yupo karibu na anatoa nini hasa, pigeni simu mhakikishe bado anatoa. Muulizeni kila mgonjwa, sio wale tu wanaoonekana maskini, na iwe faragha, bila aliyemsindikiza, na majibu ya kupigwa msiyaandike kwenye kadi anayorudi nayo nyumbani kwa huyohuyo anayempiga!! Halafu mwambie anaweza kukataa msaada na matibabu yake yatabaki palepale. Akikubali, mtafuteni baada ya wiki mjue kama alifika na alipewa.

Kuna mambo hata hayahitaji mtu wa nje. Asiye na uhakika wa kula, daktari aangalie upya dawa na dozi yake. Aliye imara apewe dawa za miezi kadhaa asije kila mwezi, na siku moja kliniki ifunguliwe jioni kwa ajili ya vibarua. Shida mlizoshindwa zihesabuni bila majina, kila mwezi zipelekeni kwa uongozi, wangapi wamekosa nauli, wangapi chakula, hapo mna hoja ya kuombea bajeti.

Wenzako wasikubali kubebeshwa peke yao, hapo wako sahihi kabisa, fomu ikija bila mtu wa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya wa kufuatilia basi daini mletewe huyo mtu, kwa maandishi, mkiwa pamoja, na wewe ndo uanze kuandika.