Sauti Ilikuwa ya Mwanawe, Maneno Hayakuwa Yake

SWALI: Mama yetu anaishi Wete, nami niko Unguja. Hivi karibuni alipokea katika WhatsApp ujumbe wa sauti kutoka kwa kaka yangu aliyeko Maskati, tena kwa namba yake ile ile tunayoijua. Alisema kwamba amepeleka sanduku la vitu, limeshafika bandari ya Malindi, na wakala anadai shilingi 350,000 za ushuru kabla ya jioni. Mama akazituma. Usiku kaka alipopiga simu, hakuwa na habari ya sanduku wala ya ushuru. Tumeusikiliza tena ujumbe ule, na sauti ni yake hasa, ingawa hakumuulizia baba anayeumwa, jambo ambalo huwa halisahau. WhatsApp hutuandikia kwamba hakuna mtu mwengine anayeweza kuyasoma mazungumzo yetu. Basi huyu aliingilia wapi?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Kwanza tunampa pole mama, na tunaomba asilaumiwe na mtu yeyote nyumbani, kwani alifanya lile ambalo mzazi yeyote angelifanya baada ya kuisikia sauti ya mwanawe. Aliyeingia hakulazimika kuvunja ulinzi wa WhatsApp. Inaelekea alipita mahali ambapo ulinzi huo haufiki.

Tangu Aprili 2016, ujumbe wa WhatsApp hufumbwa ndani ya simu ya mpelekaji na kufumbuliwa ndani ya simu ya mpokeaji, kwa funguo ambazo hukaa katika simu hizo zenyewe. Kati ya Maskati na Wete ujumbe hupita katika minara, katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari na katika kompyuta za kampuni mbalimbali, na kila anayeupitisha haoni ila mchafuko wa tarakimu usiosomeka. Ni kama barua iliyopigwa lakiri: lakiri ikifika nzima, tunajua kwamba haikufunguliwa njiani, lakini haituambii ni mkono wa nani ulioiandika. Mwizi akishakaa katika akaunti ya kaka yako, maneno yake hulindwa njiani kama yanavyolindwa ya mwenyewe.

Akaunti huchukuliwa kwa njia mbili zilizoenea. Ya kwanza ni zile tarakimu sita ambazo WhatsApp huzipeleka kwa ujumbe mfupi pale namba inaposajiliwa katika simu mpya. Mwizi hujifanya jamaa au mfanyakazi mwenzako na kukuandikia kwamba namba fulani imekujia kwa makosa, umrudishie. Ukimpa, akaunti huhamia kwake na wewe hutolewa. Njia ya pili ni ya kimya zaidi, nayo ni kuiunganisha akaunti na kompyuta ya mwizi, kwa simu kuachwa wazi kidogo au kwa mwenyewe kudanganywa akubali. Hapo mwenye simu huendelea kuitumia kama kawaida, huku mwengine akisoma naye, pamoja na mazungumzo ya nyuma. Kaka yako afungue menyu ya WhatsApp (katika iPhone, Mipangilio), kisha sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na akiona kifaa asichokijua akiondoe papo hapo. Baada ya hapo aende kwenye Mipangilio, sehemu ya Akaunti, na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, ambao huongeza namba ya siri anayoichagua mwenyewe, namba asiyopaswa kumpa mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye sauti, ambayo nahisi ndiyo inayomuuma mama zaidi. Programu za akili mnemba zinazoiga sauti hufunzwa kwanza kwa saa nyingi mno za mazungumzo ya maelfu ya watu, hadi zikajua jinsi usemi wa binadamu unavyojengeka na kinachomtofautisha mtu na mtu: uzito wa sauti, kasi, mahali anapovuta pumzi. Kwa kuwa kazi kubwa imeshafanywa, mtu mpya huhitaji sampuli fupi tu. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walieleza programu yao, VALL-E, iliyoiga sauti za wasemaji wa Kiingereza kwa sampuli ya sekunde 3. Ujumbe mmoja wa salamu za Idi una sekunde nyingi kuliko hizo. Baada ya sampuli, mwizi huandika maneno anayoyataka, na programu huyasoma kwa sauti ya kaka yako. Ndiyo maana baba hakuulizwa hali: aliyeandika hakuwa na baba anayeumwa.

Mkishuku, msipige kwa WhatsApp, kwa sababu mwizi aliyeishika akaunti ndiye anayeweza kupokea. Pigeni simu ya kawaida, inayokwenda kwenye laini yenyewe. Muulizeni jambo ambalo halijapata kuandikwa katika simu ya mtu yeyote. Tena kuna kituo cha mwisho ambacho watu wengi hukipita haraka. Kabla ya mama kuingiza namba ya siri, skrini ilimwonesha jina alilosajiliwa mpokeaji. Mwizi huwa ameshatayarisha maneno ya kukuambia kwamba jina hilo ni la karani au la mke wa wakala. Ushuru wa bandarini haulipwi kwa jina la mtu, na jina lisilolingana latosha kuacha.

SWALI: Je, hakuna programu ya kutambua sauti ya bandia?
Msomaji, Jambiani

JIBU: Zipo, ila sizitegemei kwa Kiswahili cha Pemba kilichorekodiwa kwa simu. Nyingi zimefunzwa kwa lugha zenye rekodi tele, na WhatsApp huibana sauti ili iwe nyepesi, ikafuta baadhi ya alama ndogo zinazotafutwa.

Kwa wote wawili: fedha zikishatoka, pigieni mara moja huduma kwa wateja ya mtandao mliotumia ili zizuiliwe kabla hazijatolewa, pelekeni namba ya tapeli kwenda 15040, kisha nendeni polisi. Ujumbe ule wa sauti msiufute hata kama unamliza mama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inakataza kujifanya mtu mwengine kwa kutumia kompyuta, na huo ndio ushahidi wenu.