Moyo umesimama: mshipa wa mkono kwanza au mfupa moja kwa moja?

Mdau, umeuliza kama mtu mzima moyo ukisimama utafute mshipa wa mkono wa kupitishia dawa au utoboe mfupa uipitishe humo moja kwa moja. Niko kitengo cha dharura miaka mingi, na jibu langu ni hili: anza na mkono, lakini usiung'ang'anie.

Naanzia kwenye kunjo la kiwiko, siyo mgongo wa kiganja. Mshipa pale ni mnene, na hutambughudhi anayekandamiza kifua. Chukua kanula, yaani kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ile nene ya kijani ikiwezekana. Ukichoma mara mbili ukakosa, hamia mfupani. Mwaka 2024 zilitoka tafiti za Uingereza, Denmark na Taiwan zikilinganisha njia hizi, na kuanza na mfupa hakukuokoa watu zaidi. Ile ya Uingereza ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 6,000: waliofika siku 30 wakiwa hai ni asilimia 4.5 kwa mfupa na 5.1 kwa mshipa, tofauti isiyo na uzito kitakwimu.

Kinachonikera ni kuona adrenalini, dawa ya kusaidia kuamsha moyo, miligramu 1 imeingizwa mshipani, halafu basi. Damu hapo inasukumwa na mikono ya anayekandamiza tu, kwa hiyo dawa inalala mkononi. Isukume na mililita 20 za maji ya chumvi, kisha inua mkono sekunde 10 hadi 20.

Mfupani, wengi tunatumia muundi: chini ya goti, upande wa ndani wa kile kinundu cha mfupa unachokipapasa hapo mbele. Sindano ikikaa sawasawa husimama yenyewe bila kushikwa. Sukuma maji huku mkono wako mwingine ukipapasa nyuma ya mguu. Pakianza kuvimba na kukaza, inavuja, acha kuitumia. Mfupa uliovunjika au wenye chuma usiuguse. Na dripu ya mfupani haishuki vizuri bila kukamuliwa kwa mfuko wa shinikizo, ule unaojazwa hewa kuibana chupa ya dripu.

Mshipa mkubwa wa shingo au kinena mimi siukimbilii, unakula muda. Ule wa juu juu wa shingoni, ukiwa umetuna, sawa.

Lakini kama mashine inaonyesha moyo unatetemeka, shtua kwanza kwa umeme. Kanula itasubiri, na kifua kisiachwe kwa sababu yake.

Kwa mtoto mdogo naenda mfupani mapema zaidi, maana vimishipa vyake havionekani kabisa wakati huo, na adrenalini ni maikrogramu 10 kwa kila kilo.