Barua kwa mwanangu: kukiri na kuitikia

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Upendo,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unasema umemaliza kipindi cha yule mnyongaji wa Boston, Marekani, na unauliza: Albert DeSalvo alikiri kwa mdomo wake kuwaua wale wanawake 13, na karibu miaka 50 baadaye DNA ikamkuta. Wanaobisha wanabisha nini tena? Halafu ukaongeza, "Mama, nani atakiri kuua mtu ambaye hakumuua?"

Nianze na hilo la mwisho, maana jibu lake nililipata hapa hapa mjini.

Unajua nilikuwa mzee wa baraza, raia anayekaa na jaji kusikiliza kesi na kumpa maoni, kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2022. Kuna kesi moja sikuwahi kukusimulia. Kijana alishtakiwa kumuua jirani yake, na nguzo ya kesi ilikuwa maelezo ya onyo, yaani yale ya mtuhumiwa baada ya kuonywa, aliyoandikiwa polisi. Wakili wake alipoyapinga, jaji alitutoa nje wazee wote watatu. Ile kesi ndogo ndani ya kesi, ya kupima kama mtu alisema kwa hiari, sisi hatukuruhusiwa kuisikia. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Tuliporudi maelezo yalikuwa yamepokelewa, yakasomwa. Yalikuwa yamenyooka, mwanangu. "Mimi nilitoka nyumbani, nikafuata mfereji, nikamkuta mgombani…" Nikajiambia moyoni, huyu kaua.

Siku ya utetezi akayakana yote. Alisema aliwekwa siku tatu bila usingizi, akatia dole gumba ili aachwe alale. Ilipofika zamu yetu ya kuuliza nikamwambia, "Kijana, huo mfereji uliutaja wewe, au uliulizwa?" Alinitazama kwa muda. Akasema, "Niliulizwa, Mama. Nikaitikia."

Sikulala vizuri usiku ule. Askari anauliza, "Ulifuata mfereji?" Mtu anasema ndiyo. Kwenye karatasi swali halipo tena, limebaki jibu, nalo limegeuka kuwa "Mimi nilifuata mfereji." Atakayesoma ataona mtu anayesimulia, wala hatajua kwamba mfereji ulitoka kinywani mwa mwingine.

Sasa huyo wako wa Boston. Mauaji yalianza Juni 1962, na wa mwisho, binti wa miaka 19 aitwaye Mary Sullivan, aliuawa Januari 1964. DeSalvo hakukamatwa kwa ajili yao. Alikamatwa mwishoni mwa 1964 kwa kuwavamia na kuwadhalilisha wanawake majumbani mwao, akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili wenye kesi, Bridgewater. Huko ndiko alikoanza kusema, mwaka 1965, kwamba mnyongaji ni yeye. Alikuwa na mke na watoto wawili, alijua kifungo kirefu kinamsubiri hata hivyo, na kulikuwa na zawadi ya dola 10,000 iliyotangazwa. Wakili wake, F. Lee Bailey, alihakikisha maneno yale hayatumiki dhidi yake mahakamani. Hapo ndipo penye kidonda. Maneno mazito namna ile hayakupanda kizimbani hata siku moja. Mwaka 1967 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa makosa yale mengine, na 1973 akachomwa kisu gerezani akafa. Kabla ya hapo alikuwa ameshayakana. Familia za wale wanawake zikabaki na kanda za mahojiano ya zaidi ya saa 50, na wanaobisha wanasema ndani yake muulizaji alikuwa akimwonyesha njia. Mfereji ule ule.

Lakini nataka nikwambie ukweli wote, hata unaoniuma. Mary Sullivan ndiye wanaobisha waliyemtegemea zaidi. Mwili wake ulifukuliwa, na mwaka 2001 wataalamu waliouchunguza wakasema alichokieleza DeSalvo hakifanani na walichokiona, na DNA waliyoipata si yake. Watu wakaamini alidanganya. Halafu mwaka 2013 wapelelezi wakaokota chupa ya maji iliyotupwa na mtoto wa ndugu yake, wakapima, ikaelekeza kwenye ukoo ule. Wakamfukua DeSalvo mwenyewe. Mbegu za kiume zilizokuwa zimehifadhiwa tangu 1964 zikaonekana ni zake, uwezekano wa kuwa za mwanamume mwingine ukiwa mmoja kati ya bilioni 220. Kumbe maelezo yenye makosa yalitoka kwa mtu aliyekuwepo.

Uliponiletea habari hiyo nilimfikiria yule kijana. Maoni yangu mbele ya jaji yalikuwa kwamba hana hatia, na jaji akamwachia. Je, kama na yeye alikuwepo pale mgombani? Nimelizungusha swali hilo wiki nzima, na bado ningetoa maoni yale yale. Jaji alitukumbusha kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda ya mwaka 1967: ungamo likishakanwa, liangaliwe kwa hadhari kubwa, na kwa kawaida litafutiwe ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Katika kesi yetu hapakuwa na panga wala damu, wala mtu aliyemwona. Palikuwa na karatasi tu.

Na Boston ni vivyo hivyo kwa wale 12 waliobaki. Waliotangaza majibu ya DNA walisema wenyewe kwamba yanahusu kifo cha Mary Sullivan peke yake. Kila mwanamke pale alikuwa na mlango wake, na familia yake iliyomzika. Aliyemuua Mary anaweza kuwa ndiye aliyewaua wote, au wachache wao, au yeye tu. Kumkuta na mmoja hakumlipii deni la wengine, na kama yuko aliyetoroka nyuma ya jina la DeSalvo, amekufa au amezeeka bila kuulizwa. Hilo ndilo wanalobishia, na mimi niko upande wao.

Wakiweka tena sauti za zile kanda, usitazame picha. Sikiliza tu jambo linapotajwa kwa mara ya kwanza, limetajwa na nani. Uniandikie. Daftari langu la kesi ile bado liko kabatini, ukipanda Desemba nitakutolea usome.

Mama yako