Saa za Ziada Zisizolipwa: Je, Tunaweza Kudai kwa Pamoja?

SWALI: Sisi ni wapakiaji 23 katika ghala moja la Kurasini, Dar es Salaam. Tunaingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 1 jioni, siku sita kwa wiki, na mapumziko ni saa moja tu ya mchana. Hatujawahi kulipwa ovataimu. Mwajiri anadai kwamba mshahara tuliosainia umejumuisha kila kitu, na msimamizi wetu wa zamu ameambiwa kwamba yeye hahusiki kabisa. Je, tunaweza kudai kwa pamoja bila kufukuzwa kazi?

JIBU: Ndugu msomaji, mnaweza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kila saa inayozidi hapo hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ukiondoa mapumziko, ninyi mnafanya kazi saa 66, kwa hiyo saa 21 za kila wiki ni za ziada, nazo zinavuka hata ukomo wa saa 50 za ziada katika wiki nne, jambo ambalo ni kosa la mwajiri na haliwapunguzii ninyi malipo. Upo utaratibu wa zamu za saa 12 zisizo na ovataimu, lakini unahitaji makubaliano ya maandishi na hauruhusu zaidi ya siku tano kwa wiki. Ninyi mnafanya sita. Wala saini ya mkataba haiwezi kufuta haki iliyotolewa na sheria.

Shauri linaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba 1 ya Tume. Mwenzenu mmoja anaweza kusaini kwa niaba ya wote, ili mradi iambatishwe orodha ya maandishi ya waliomruhusu. Hapa ndipo madai mengi ya pamoja hulegea: watu huridhika na ahadi za kwenye kundi la WhatsApp, kisha siku ya shauri jina halimo. Isitoshe, kwenda pamoja hakumwondolei mtu wajibu wa kuthibitisha saa zake mwenyewe. Kila mmoja aandae jedwali lake la tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, pamoja na hati za mshahara na nakala ya daftari la getini ikipatikana. Hesabu yenyewe si ngumu: mshahara wa msingi wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 (wastani wa wiki katika mwezi), kisha kwa 45. Mwenye shilingi 390,000 hupata takriban 2,000 kwa saa, na saa yake ya ziada ni 3,000.

Msichelewe, kwa kuwa madai ya aina hii hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na ya nyuma zaidi huhitaji maombi ya kuongezewa muda yenye sababu za msingi. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi huyo, huomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita.

Kuhusu kufukuzwa, kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria si halali, na dai la namna hiyo lina muda wake mfupi zaidi, yaani siku 30.

Msimamizi wenu asikate tamaa kwa sababu ya cheo. Anayeondolewa kwenye kanuni za saa za kazi ni yule anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kama yeye huripoti kwa meneja wa ghala ambaye naye ana wakubwa wake, jina lake liingizwe kwenye orodha.